Maganda ya kakao kwenye mahindi, hata kwa sisi wa Dodoma

Wakulima wenzangu, kakao huku kwetu haioti najua, ila kama una ndugu Kyela, kule Mbeya wanakolima kakao, au unajua lori linalorudi tupu kutoka huko, usiache yale maganda yaozee kule bure. Yana potasiamu nyingi sana, na mahindi yakiipata shina linakuwa gumu halianguki hovyo na upepo, hata jua kali la hapa yanalivumilia vizuri zaidi. Ila usiyamwage shambani mabichi jamani! Yakatekate, changanya na samadi ya ng'ombe au mbuzi, hiyo samadi ndo inaleta naitrojeni maana maganda peke yake hayana ya kutosha, mwagia maji, funika na turubai, uwe unageuza kila baada ya wiki mbili hivi mpaka yawe meusi yanamegukameguka mkononi. Anza mapema kiangazi, mvua zetu hazianzi mpaka Desemba. Ukipanda weka viganja viwili kila shimo, yuria ya kukuzia bado utaihitaji. Halafu chonde chonde, mbwa na kuku wasisogelee hilo lundo, kakao ina sumu inaitwa theobromini, mbwa akila nyingi anakufa.