Unataka kuwa menta wa madogo wa sekondari? Anzia hapa

Wengi wakisikia umenta wanawaza kusimama paredi, unamwaga motivesheni, unapigiwa makofi, unasepa. Haimsaidii dogo kihivyo. Dogo wa kidato cha nne akimaliza mtihani Novemba anakaa tu mtaani mpaka Julai ndo aende kidato cha tano, na hapo katikati kuna maamuzi mazito ya kufanya, na nyumbani pengine hakuna aliyewahi kufika huko. Hapo ndo unahitajika wewe.

Kwanza usijipeleke kimyakimya. Nenda kwa mkuu wa shule ya kata iliyo karibu au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, beba kitambulisho chako, sema kabisa siku zipi una nafasi. Wakikupa dogo, nenda kwao usalimie, mzazi akujue sura kabla hamjaanza chochote. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo mnakutana shuleni au barazani kwao, sio gheto kwako, na kuchati usiku wa manane hapana. Akikwambia kuna mtu anamfanyia ukatili usimwahidi kwamba utaficha, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Anza na mmoja, wawili wakizidi. Na siku uliyosema utakuja, njoo, maana hawa madogo washazoea watu wazima wanaoahidi halafu kimya.

Mkikutana msikilize kwanza, halafu mshike jambo moja la kweli. Mfano tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita. Mwaka 2024 ziliongezwa zikafika 65 ila wengi mtaani bado wanajua PCB, HGL na EGM basi. Muulize anataka kusomea nini, fungueni pamoja vigezo vya hiyo kozi, mrudi nyuma mpaka kwenye masomo, matokeo yakitoka aangalie kama ile aliyojaza kwenye Selform, ile fomu ya machaguo, bado inamfaa. Aliyepata divisheni foo usimtupe jamani, mpeleke chuo cha ufundi cha VETA akaione karakana kwa macho yake, aongee na wanaosoma pale.

Wa kidato cha sita kazi kubwa ni makaratasi, na hapa wengi wanaumia bure kabisa. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mzazi akiwa amefariki na cheti chake cha kifo pia, fomu isainiwe na serikali ya mtaa na ipite kwa wakili au hakimu. Sasa chukua cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne viweke sambamba usome herufi kwa herufi. Utakuta kimoja Mwanahamisi kingine Mwanamisi, au jina la babu limeruka, na kurekebisha hiyo kunakula muda na nauli.

Hela mpe pale tu kuna kitu mahususi na mzazi anajua, ukizoea kutoa kila mara dogo ataanza kukuona mfadhili na hatakwambia yanayomsumbua.

Halafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyemaliza kidato cha sita akiitwa kwa mujibu wa sheria anaenda kambini, simu hana, na dirisha la mikopo linaweza kufunguka yuko hukohuko. Kwa hiyo vyeti vihakikiwe kabla hajaondoka, na kopi zote abaki nazo mama yake kwenye bahasha moja.