Kupeleka kanga Komoro: anza hivi

Nauza kanga Darajani, Unguja, na wateja wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, nawathamini sana. Ukitaka kufanya biashara na Wangazija, tazama kalenda kwanza. Ndoa kubwa, wenyewe wanaiita ada, hufungwa zaidi Julai na Agosti, ndugu wa Ufaransa wakirudi likizo. Mzigo uwe umefika mwezi mmoja kabla.

Wanawake watataka sare, kwa hiyo tafuta doti nyingi za aina moja. Fungua kila doti uikague: pindo zimenyooka, mji (sehemu ya ndani ya pindo) umekaa katikati, jina (maneno yaliyoandikwa) linasomeka bila kukatwa. Sugua pembe kwa kitambaa cheupe kibichi. Rangi ikiachia, rudisha. Majina ya mafumbo yaache kabisa. Harusi inataka dua na pongezi.

Bei panga kwa euro. Faranga yao imefungwa kwenye euro, kama faranga 492 kwa euro 1, ila shilingi yetu hupanda na kushuka. Ankara iandike kwa Kifaransa, forodha mwachie wakala.

Ukifika, waamkie wazee kabla ya kutaja bei. Sheikh Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazidja, kisiwa cha Wangazija, akawa kadhi Unguja. Wazee wanafurahi kweli kusikia bado tunamkumbuka. Undugu huu ni mtaji, tuutunze.

Kisha nunua na wewe kwao, biashara isiwe ya upande mmoja. Chukua vanila: ipinde kidoleni, nzuri haivunjiki na huacha mafuta.