Somo: Askari wa zamani mwenye ulemavu atatibiwaje meno kupitia VA, Marekani

Ndugu zangu, wengi wanaumia kwa jambo hili moja. Mtu ana kadi ya afya ya VA, idara inayohudumia wanajeshi wa zamani, akadhani na meno yamo. Meno yana madaraja yake, na usipolijua daraja lako utarudishwa mlangoni.

Hatua ya 1. Toa barua ya VA inayotaja asilimia ya ulemavu wako, uisome yote. Ukiwa na asilimia 100 iliyotokana na utumishi, au unalipwa kiwango cha 100 kwa kuwa ulemavu umekunyima uwezo wa kufanya kazi, uko Daraja la IV: unatibiwa kila jino linalohitaji tiba. Angalia sana neno "ya muda". Asilimia 100 ya muda, mathalani ya kipindi cha kupona baada ya upasuaji, haikuingizi hapo. Aliyewahi kuwa mateka wa vita naye hutibiwa meno yote, hata asilimia yake ikiwa ndogo.

Hatua ya 2. Hujafika 100? Usiondoke bado. Daraja la III ni la meno yanayozidisha ugonjwa ambao VA imekubali ulitokana na jeshi. Fizi zenye usaha, kwa mfano, huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mwombe daktari anayekutibu sukari aandike hivyo kwenye faili, kisha akutume kitengo cha meno.

Hatua ya 3. Kama hujajiandikisha, jaza fomu 10-10EZ. Aliyetoka jeshini karibuni aangalie DD214 yake, yaani cheti cha kuondoka jeshini: isipoonyesha kwamba meno yalikaguliwa na kutibiwa yote kabla ya kuondoka, huenda akatibiwa mara moja tu, ila aombe ndani ya siku 180 tangu atoke.

Hatua ya 4. Unapopanga miadi, sema mapema kama unatumia kiti cha magurudumu na utahitaji watu wa kukuhamisha. Wenye ulemavu wa asilimia 30 au zaidi wadai nauli kwa VA ndani ya siku 30 tangu miadi.

Ukikosa kote, ipo bima ya meno ya VADIP, lakini ada unalipa mwenyewe.

MASWALI

Swali: Mwalimu, dawa za sonona zimenikausha mdomo na meno yanaoza. Hilo si Daraja la III?

Jibu: Pole sana kaka. Hapo dawa ndiyo inayoharibu meno, na Daraja la III ni kinyume chake. Peleka suala lako kwa mtetezi wa madai aliyeidhinishwa. DAV, chama cha askari wa zamani wenye ulemavu, hawatozi chochote. Wakati huo mwambie aliyekuandikia dawa, na uulize kuhusu floridi.

Swali: Nimeona daktari binafsi karibu na nyumbani. Naweza kwenda, bili niwapelekee VA?

Jibu: Usiende kabla hawajakupa idhini. Bili inaweza kubaki mikononi mwako.

Swali: Mume wangu alipoteza mkono wa kulia, wa kushoto hauna nguvu. Mswaki unamponyoka.

Jibu: Dada, nunua wa umeme, au zungushia mpini sponji unenepe. Na siku ya miadi mwelezeni daktari wa meno, ampange kusafishwa mara nyingi zaidi.