Upendo wenye ratiba: namna ya kuishi kwa amani bila kukimbizana na mali

Mtu akihubiriwa kwamba amani iko katika kumpenda jirani, mara nyingi hutoka kanisani amekubali, ila hajui kesho yake aanzie wapi. Mwongozo huu ni wa Mkristo wa kipato cha kawaida hapa Tanzania, aliye kwenye jumuiya yake ya mtaani. Msimamo wetu ni mmoja: amani haiji kwa kujisikia upendo. Inakuja kwa kufungamana na watu wachache unaowajua kwa majina, kwa muda mrefu, na kwa kipimo ulichokipanga. Pesa inabaki kuwa kitendea kazi.

Hatusemi umaskini ni utakatifu. Anayedaiwa kodi ya miezi mitatu alipe kodi kwanza. Paulo alipomwandikia Timotheo alilaumu kupenda fedha, hakuilaumu fedha, na mistari miwili tu kabla ya hapo anataja chakula na nguo kuwa vitu vya kuridhika navyo.

Andika "inatosha" yako ni shilingi ngapi

Nunua daftari dogo. Kwa siku 30 andika kila shilingi inayotoka, kila usiku kabla ya kulala, hata ya vocha na ya bodaboda. Chora safu tatu: kiasi, kitu, sababu. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, nayo ijaze kwa neno moja kati ya matatu: haja, upendo, au macho. "Macho" ni matumizi ambayo yasingefanyika kama hakuna anayekutazama: sare ya kitenge kwa harusi ya mtu usiyemjua vizuri, kubadilisha simu ambayo haijaharibika, ahadi kubwa uliyoitoa kwenye kikao cha harusi kwa sababu aliyekutangulia alitaja kubwa. Mwezi huo usijihukumu. Anayejihukumu huanza kulidanganya daftari ifikapo wiki ya pili, na daftari lililodanganywa halina msaada.

Mwezi ukiisha, mume na mke wakae nalo pamoja. Asiye na mwenza amtafute mtu mmoja anayemwamini. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano, wapangaji, inayoingiza shilingi 600,000 kwa mwezi. Kodi 120,000, chakula 240,000, nauli na mahitaji ya shule 70,000, umeme, maji na gesi 45,000, sadaka ya kanisani 30,000, akiba ya dharura 50,000. Jumla 555,000. Hiyo ndiyo "inatosha" yao, na 45,000 iliyobaki ni fungu la jirani. Itengwe siku pesa inapoingia, kwenye bahasha yake. Ikisubiri mwisho wa mwezi, haitakuwepo.

Tarakimu zako zitakuwa nyingine. La lazima ni kuziandika, maana "inatosha" isiyoandikwa husogea kila kipato kinapopanda. Familia hiyo ikianza kuingiza 750,000, kiwango kinabaki 555,000 mpaka itokee sababu inayotajika: mtoto amezaliwa, kodi imepanda, mzazi mgonjwa amehamia nyumbani. "Wenzetu wamejenga" si sababu.

Wengi huanza kupata nafuu hapa, kabla hata ya kumpa mtu chochote. Dereva wa bajaji anayejua kiwango chake, akishatimiza hesabu ya tajiri na posho ya nyumbani, anaweza kurudi saa moja jioni akala na watoto. Asiyejua kiwango chake hukaa barabarani hadi saa tano usiku, na bado halali vizuri.

Kuna ambao wakimaliza hesabu hawabaki na kitu, au wanabaki na deni. Fungu lao la jirani ni saa: mbili kwa wiki. Wasikope ili watoe.

Kipimo cha Msamaria

Luka 10 husomwa sana lakini hesabu yake hupitwa. Msamaria alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, akamfunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamlaza kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza hadi siku ya pili. Kisha akatoa dinari mbili. Vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walilipwa dinari moja kwa siku, kwa hiyo alitoa ujira wa siku mbili. Hakumuuza mnyama, wala hakuifuta safari yake. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba na kuahidi kupitia tena wakati wa kurudi. Mambo manne basi: mkono wako mwenyewe, kiasi kinachojulikana, mtu wa pili wa kushirikiana naye, na ahadi ya kurudi. Likikosekana moja, kwa kawaida huduma haifiki mwezi wa tatu.

Chagua mtu mmoja, wakizidi wawe wawili. Usitafute mwenye shida kuliko wote. Tafuta anayefikika kwa miguu na asiyetembelewa: bibi aliyelala kitandani, kijana aliyetoka gerezani, mama mwenye mtoto mlemavu ambaye hata sokoni hawezi kutoka. Wa mbali utamwendea mara mbili, kisha nauli itakushinda.

Nendeni wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi. Mwanamume haendi peke yake kwa mwanamke anayeishi mwenyewe, na hakuna anayejifungia chumbani na mtoto. Siku na saa ziwe zilezile kila wiki, ili mwenyeji awe na kitu cha kutarajia. Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Ukizidisha, wenye nyumba wataanza kuhangaika na chai ambayo sukari yake hawana.

Tuseme ni bibi mgonjwa. Piga hodi na ungoje ukaribishwe, hata kama hawezi kunyanyuka. Msalimie: "Shikamoo bibi. Umeamkaje?" Akijibu, kaa karibu, usawa wa macho yake. Wakati mnazungumza, tazama taratibu. Kikombe cha maji kiko mkono wake unapofika, au kimewekwa mezani mbali? Midomo imekauka? Shuka limelowa? Vidonge vimebaki vingapi, na kadi yake ya kliniki inasema arudi lini? Mgonjwa asiyegeuzwa hupata vidonda kwenye kiuno, makalio na visigino, kwa hiyo anayemuuguza aelekezwe kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, na kuangalia sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi au yenye joto kuliko pembeni yake. Ukiiona, mpeleke kituo cha afya mapema. Usipake dawa ya kubahatisha.

Kabla ya kuaga uliza: "Bibi, nikufanyie nini kabla sijaondoka?" Usiulize "una shida gani?" Swali hilo linamlazimisha mtu kutandaza umaskini wake mbele yako. Atasema kitu kidogo: kukata kucha, kumsomea ujumbe kwenye simu, kujaza ndoo. Fanya hicho, ukifanye vizuri. Kisha omba naye kwa ufupi, kama anapenda. Akiwa Mwislamu au mtu asiye na dini, msaada ni uleule, na sala ya kwa sauti isubiri mpaka aiombe mwenyewe. Msamaria na yule aliyeanguka mikononi mwa wanyang'anyi hawakuwa watu wa upande mmoja.

Ukienda na kitu, kiwe cha kutumika wiki hiyo: kilo mbili za unga, nusu lita ya mafuta, mche wa sabuni, ndani ya mfuko usioonyesha. Hakuna picha, hakuna kuweka status. Agizo la mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume halijaacha nafasi ya simu.

Mfuko wa huruma wa jumuiya

Ukibaki peke yako utachoka. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walilitambua hilo. Katika mikutano ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, ya mwaka 1973 na 1976 jijini Nairobi waliamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, kaya za jirani zinazosali, kusoma Neno na kusaidiana. Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Nyingi huishia kwenye rozari, wimbo na matangazo ya michango ya parokia au usharika, na hapo nusu ya kazi inakuwa imeachwa.

Mfuko wa huruma unaendeshwa hivi. Kila kaya inaweka ilichojaliwa kwenye bahasha isiyo na jina, kila wiki. Ndivyo Paulo alivyowaagiza Wakorintho, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kaya 12 zikitoa wastani wa 2,000 zinapata 24,000 kwa wiki, 96,000 kwa wiki nne. Theluthi, yaani 32,000, inabaki akiba; 64,000 inatumika. Wasimamizi wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja wala mke na mume. Pesa isikae kwenye laini binafsi ya mhazini, kwa sababu siku mwanawe akiugua usiku atachukua kwa nia ya kurudisha, na urafiki wote utafia hapo. Sajilini laini au akaunti ya kikundi. Mpaka 20,000 watatu hao waamue siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo ije kwenye jumuiya. Mwisho wa mwezi zisomwe kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, salio. Majina ya waliopewa hayasomwi. Paulo mwenyewe, alipobeba mchango wa makanisa, aliandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa hayo ili asipatikane mtu wa kulaumu.

Mahali mfuko unapoharibika panajulikana. Kwanza unageuka kikoba: mmoja anaomba mkopo, wa pili anadai riba, na aliyeshindwa kurejesha anaacha kuja kusali kwa aibu. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba mfuko huu haukopeshi, na mwenye kutaka kikoba aanzishe chenye daftari lake.

La pili linauma zaidi. Mtu akifa, turubai, viti na sufuria hupatikana kabla ya jua kuzama, na michango inatiririka. Wiki tatu nyuma huyohuyo alikosa 15,000 ya dawa na hakuna aliyejua. Tengeni kabisa: msiba una mchango wake, mfuko wa huruma ni wa walio hai. Na katibu asisubiri kuombwa. Kila mkutano aulize nani hajaonekana wiki mbili, na wawili watoke hapo wakiwa wametumwa kwake.

La tatu ni upendeleo, nalo ni la zamani kama Kanisa. Katika Matendo 6 wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria wavumilie. Walichagulisha watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Jumuiya yenu ikiwasahau wapangaji, vijana au waliohamia juzi, msimamizi mmoja atoke kwao.

Na mtu akisaidiwa jambo lilelile miezi mitatu mfululizo, kaeni naye mpange kinachofuata: mtaji mdogo wa genge, kumpeleka ustawi wa jamii, kuzungumza na watoto wake walio mjini.

Kinachoharibika ndani yako

Ukijikuta unakasirika kwa sababu uliyemsaidia hakushukuru, au alinunua soda kwa pesa uliyompa, ulikuwa unanunua kitu. Punguza pesa, ongeza muda wa kukaa naye. Ukijikuta hulali kwa ajili ya shida zake, umepita kipimo cha Msamaria. Rudi kwenye zile dinari mbili na umshirikishe mwingine. Mafundisho ya "panda mbegu uvune mara mia" yawekeni mbali na mfuko huu. Anayetoa 10,000 ili Mungu amrudishie milioni bado anakimbizana na mali, safari hii akiwa amepiga magoti.

Kila usiku tenga dakika kumi, simu ikiwa chumba kingine. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha wenzake kuichunguza siku mbele za Mungu tangu karne ya 16, na kwa matumizi ya nyumbani maswali matatu yanatosha: leo nimepewa nini? Ni wapi hofu ya pesa iliniamulia? Kesho nimwendee nani? La pili lijibu kwa tukio, kama kumkatia simu kaka kwa kudhani anataka kukopa. La tatu lijibu kwa jina.

Usitegemee mabadiliko mwezi wa kwanza. Mwezi huo ni uchovu na aibu ya kuingia nyumba za watu. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, angalia kama neno "macho" limepungua kwenye daftari, kama unaweza kusikia jirani amenunua gari ukaendelea kula, kama kuna mtu anayeuliza habari zako usipofika siku yako.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayowashinda watoaji wazuri, nayo ni kupokea. Kazi ikikatika au ukiugua, mwambie msimamizi mmoja wiki hiyohiyo, kabla hujauza kitanda. Taja kiasi na sababu: "Nimepungukiwa 30,000 ya kodi." Wakija kwako na unga, upokee kwa mikono miwili, wakaribishe ndani, na usiwaahidi kurudisha.