Kabla hujanunua taa kali za gari
Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta balbu za LED, usidanganywe na weupe. Ya kelvini 8000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa kisamawati unaopendeza dukani, lakini mvua ikinyesha usiku pale Thika Road, hata mistari ya barabara huioni vizuri. Chukua kati ya 4300 na 6000.

Taa iliyoundiwa halojeni, yaani balbu za zamani za waya, ukiitia LED, mara nyingi hutawanya mwanga ovyo. Mimi nilipigwa fulu na madereva wenzangu wiki nzima kabla sijaelewa kosa ni langu! Mwambie fundi awashe taa (dim, si fulu) gari likiangalia ukuta: mwanga ukatike kwa mstari, usipande juu.

Na kama plastiki ya taa imegeuka manjano, isuguliwe kwanza. Huenda balbu zako za zamani hazina shida.