Mtoto mwenye kidole tumbo: njia moja ya matibabu kwa wodi nzima

Nimewahi kuona watoto wawili wenye kidole tumbo kilichovimba tu bila kutoboka, vitanda vyao vimepakana. Mmoja aliruhusiwa kesho yake, mwenzake alichomwa sindano siku tano. Walichotofautiana ni daktari aliyekuwa zamu. Tangu hapo tunafuata karatasi moja, inayobandikwa mbele ya faili.

Hatua ya kwanza ni uzito. Mpime mtoto, andika kilo juu ya karatasi, maana dozi zote zinatoka hapo.

Hatua ya pili, hesabu alama, jumla 10. Maumivu yaliyohama kutoka kitovuni kwenda chini kulia, alama 1, kukosa hamu ya kula, 1, kichefuchefu au kutapika, 1, homa, 1. Akiumia unapombonyeza chini kulia, 2. Akiumia hapo akikohoa, akigongwa kwa vidole au akiruka, 2. Chembe nyeupe za damu zikizidi 10,000 kwa mikrolita moja ya damu, 1. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, zikizidi 7,500, 1.

Kwenye kuruka usiwe na haraka. Mimi huinua kiganja juu ya kichwa chake na kumwambia, "Haya mwanangu, ruka unigonge mkono." Asiye na tatizo huruka mara tatu na kuomba tena. Mwenye kidole tumbo huruka kidogo sana, anatua amejikunja, mkono umeshika nyonga ya kulia, na ukimbembeleza namna gani harudii.

Alama 0 hadi 3, tafuta sababu nyingine. 4 hadi 6, ultrasaundi, kisha mpime upya baada ya saa chache. 7 na kuendelea, mwite daktari wa upasuaji sasa hivi. Ila mtoto chini ya miaka 5 usimwamini kwa alama peke yake: hajui kueleza, na mara nyingi hufika kidole tumbo kimeshatoboka. Mvulana akaguliwe korodani, msichana aliyevunja ungo apimwe ujauzito.

Dawa ya maumivu itolewe mara moja. Ile imani kwamba itaficha ugonjwa haina msingi, nayo imewatesa watoto bure.

Ultrasaundi itangulie, ili kumwepusha mtoto na mionzi ya CT. Kidole tumbo kinachozidi milimita 6 kwa upana na kisichobonyea kinathibitisha mashaka yako. Ukishathibitisha, anza dripu na antibiotiki palepale. Usingoje chumba cha upasuaji kipatikane.

Sasa hatua inayobeba mzigo wote. Kabla ya kuvua glavu, daktari aliyepasua ajibu swali moja: je, kuna tundu linaloonekana, au kijiwe cha kinyesi kilichomwagika tumboni? Ndiyo au hapana. "Kilikuwa kibaya sana" si jibu, kwa sababu neno hilo ndilo lililomlaza yule mtoto siku tano.

Hapana: antibiotiki zinakoma, anakunywa na kula akizinduka vizuri, anatembea, wengi wao huondoka ndani ya saa 24. Ndiyo: antibiotiki zinaendelea hadi homa iishe na ale bila kutapika. Homa ikirudi baada ya siku kadhaa, tafuta usaha kwa ultrasaundi.

Kila mwisho wa mwezi tunapitia mafaili. Likionekana ambalo swali lile halikujibiwa, linarudi kwa aliyepasua siku hiyohiyo.