Mawese yasikae motoni hadi yapauke

Ndugu zangu wa Kigoma, macho ya watoto wetu yanalindwa jikoni pia. Ule wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua sana, mtoto huanza kupapasa ukuta jua likishazama. Sasa wengi wetu huyaacha mawese motoni mpaka yatoe moshi na kupauka, eti tunaondoa harufu. Hapo karotini imeshaharibika! Mimi nayapasha kidogo tu, kitunguu kikilainika natia dagaa, na mchuzi unabaki na rangi yake ya machungwa. Matembele nayo yapate kijiko. Ila mtoto asiyeona vizuri gizani mpelekeni kituo cha afya upesi, msingoje chakula pekee.